Malazi ya Kobe wa Kanini

Kelele za mashine ndizo zilizomharibu Maluki masikio. Aliingia kiwanda cha nguo pale Eneo la Viwanda, Thika, akiwa kijana ambaye masharubu yalikuwa ndiyo yanaanza kuota, akatoka na mvi, na miaka yote hiyo alisimama katikati ya mashine za kufuma zilizonguruma mchana kutwa kama mvua ya mawe juu ya mabati. Akifika nyumbani Makongeni jioni, kichwa kilikuwa kingali kinavuma. Mke wake Kanini alimpakulia chakula huku akimweleza habari za siku, naye alitikisa kichwa. Kutikisa kichwa ni kazi rahisi. Kanini alijua kwamba nusu ya maneno yake yanapita hewani, lakini hilo halikumnyamazisha.

Kanini alikuwa mwanamke wa kusema. Alikuwa akiuza chai na mandazi karibu na lango la kiwanda, na hakuna mfanyakazi aliyepita pale bila kuulizwa mtoto anaendeleaje au mguu umepona. Alisema na wateja, alisema na redio, na akirudi nyumbani alisema na kobe.

Kobe huyo alitoka kwao Yatta. Kaka yake alikuwa analima na ng'ombe, plau ikakaribia kumpasua kobe huyo, akamwokota na kumtupa kando ya shamba. Kanini, aliyekuwa amekwenda kusalimia, akamtia kwenye kiondo na kurudi naye Thika. Alikwenda mwenyewe hadi ofisi ya wanyamapori kumtafutia kibali, jambo ambalo majirani walilicheka mwaka mzima. Akampa jina la Karani, kwa sababu alitembea shingo imetangulia mbele, kama mtu wa ofisi anayekagua nani amechelewa kazini.

Maluki hakumchukia Karani. Alimruka tu akimkuta njiani. Alijua kwamba analala mahali fulani chini ya sinki ya simiti iliyokuwa uani, ile ya kufulia nguo, lakini hakuwahi kuinama kutazama. Hiyo ilikuwa idara ya Kanini.

Asubuhi moja ya Januari, Kanini alikuwa anakanda unga. Maluki, aliyekuwa ameshastaafu, alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Hakusikia mtu akianguka. Alipogeuka, akamwona mke wake chini kando ya karai, unga umemjaa shavuni, jicho moja likimtazama na jingine likitazama kwingine.

Hospitalini waliambiwa ni stroki. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, mkono na mguu. Na maneno yalikuwa yameondoka, yale maneno yote, isipokuwa moja. Kwa nini lilibaki hilo na si jingine, daktari hakuweza kueleza. Alisema tu hutokea hivyo.

"Bado," Kanini alisema alipofungua macho.

"Bado nini, Mama Wavinya?" Maluki aliuliza, akamwinamia.

"Bado."

Akisikia njaa alisema bado. Akishiba alisema bado. Padri alipokuja kumwombea alisema bado, padri akafikiri amekataa kufa, akamsifu kwa imani.

Nyumba ya kupanga ya Makongeni ikawashinda baada ya hospitali. Lakini walikuwa na ploti Murera, waliyoinunua kidogo kidogo, na juu yake nyumba ya mabati ya vyumba viwili ambayo sakafu yake haikuwa imemalizika. Kanini alikuwa ameipanga ploti hiyo kwa mdomo miaka mingi: hapa jiko, pale migomba, pale mti wa kivuli. Sasa aliingia humo akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amebebwa mbele na nyuma kama mzigo. Mbele alibeba Maluki. Nyuma alibeba Ajwang, fundi wa mawe aliyekaa ploti ya pili, ambaye hakuwa ameitwa. Aliona tu lori la mizigo likisimama, akaja.

"Mama, karibu Murera," Ajwang alisema alipomtua. "Hapa ni baridi lakini watu ni wazuri."

"Bado," Kanini alimjibu. Ajwang akacheka, akidhani ni mzaha.

Karani alifika ndani ya kreti ya soda. Vitu vyake vya chini ya sinki vilibaki Makongeni, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa na vitu.

Mvua za Aprili zilikuwa zimeshaanza. Udongo wa Murera upande ule ni mweusi, ule unaonata kwenye kiatu mpaka mtu arefuke, na maji yakitua juu yake hayaendi popote. Karani alizunguka kando ya ua tangu asubuhi hadi jioni, akikwaruza mabati ya ua kwa miguu ya mbele, halafu giza likiingia anajibana kwenye kona yoyote, tumbo kwenye matope. Kanini alimtazama kutoka barazani. Maluki aliona anavyomtazama, akasema moyoni, huyu mnyama anataka nyumba.

Akatafuta pipa la chuma, akalikata katikati, akalilaza chini kama pango. Aliona amefanya kazi nzuri. Lakini jua lilipotoka mchana pipa liligeuka kikaango, na usiku liligeuka barafu. Karani aliingia mara moja, akatoka kinyumenyume, na hakurudi.

Basi Maluki akapanda gari hadi Kimbo, kwa fundi mmoja wa vitanda, akaomba boksi la mbao na gunia la vumbi la msumeno. Vumbi lilikuwa kavu, laini, la rangi ya maziwa, linanukia mtarakwa na msonobari. Hata mtu angelilalia. Akalimwaga ndani ya boksi, akaliweka boksi barazani ambapo mvua haifiki, akamwingiza Karani kwa mkono.

Kanini alikuwa kwenye kiti chake hatua chache tu kutoka hapo. "Bado," alisema.

"Nimemaliza, Mama Wavinya. Ona. Ni kukavu."

"Bado! Bado!" Mkono wa kushoto, ule mzima, ulianza kupiga kiti. Mdomo ulivutika upande. Maluki akadhani anataka choo, akamwinua, haikuwa choo. Akadhani ni baridi, akamletea blanketi, akalitupa chini kwa mkono ule ule. Akamletea uji. Akaumwaga.

"Sasa unataka nini?" Maluki alifoka. Hakuwahi kumfokea hivyo hata walipokuwa vijana. "Sema basi unataka nini!"

Kanini akamtazama. Kisha akalia, kilio chake kile cha siku hizo, upande mmoja wa uso ukilia na mwingine umetulia. Maluki akaliokota blanketi, akalikung'uta, akaingia ndani. Alikaa kitandani akitazama mikono yake. Siku hizo alikuwa amechoka uchovu ambao kulala hakuuondoi. Alikuwa anampikia, anamwosha, anamgeuza, anafua mashuka kila siku na hayakauki kwa mvua. Kobe alikuwa jambo dogo, na jambo dogo lenyewe lilikuwa limemshinda.

Mambo yakaendelea hivyo kwa muda. Kila asubuhi Kanini akitolewa nje alilitazama boksi na kuanza: bado, bado, bado. Maluki akajifunza kutosikia. Alikuwa na mazoezi.

Binti yao Wavinya alikuwa anakaa Kimbo na kufanya kazi kwenye duka la dawa Ruiru. Alikuja Jumapili, akamwosha nywele mama yake, Mwaitu kama alivyomwita, na kumsuka. Ndiye aliyemwona Karani kwanza.

"Baba, huyu ana nini machoni?"

Maluki akainama. Macho ya kobe yalikuwa yamevimba, yamefumbika kama mbegu za maharagwe zilizolowekwa. Puani palikuwa na povu. Wavinya alipomgusa, akapiga chafya, chafya ndogo ya ajabu kama ya mtoto mchanga.

"Amekuwa hivyo lini?"

"Sijui."

"Hujui na unamwona kila siku?"

Maluki akamfuta kobe povu kwa kidole. Wavinya akajuta, akashika mkono wa baba yake. "Baba, uko na kazi ya kutosha na Mwaitu. Wacha nitafute wale watu wa wanyamapori waje wamchukue. Wana mahali pao."

Kutoka kwenye kiti, Kanini alisema neno lake, lakini kwa sauti ya chini sana, na alilisema akimtazama Maluki, si Wavinya. Hilo Maluki alilisikia.

Jumatatu alimtia Karani kwenye kiondo na kumpeleka kwa Gachanja, mwenye duka la dawa za mifugo karibu na steji ya magari. Gachanja alizoea ng'ombe na kuku. Alimzungusha kobe mkononi, akamnusa, akaguna.

"Aiya, mzee. Huyu mnalaza juu ya nini?"

"Kwa vumbi la msumeno. Safi kabisa."

"Toa hiyo. Hata vifaranga hatuwekei ile laini, inawaziba pua. Na hii ya mtarakwa ina mafuta makali, ndiyo hii inanuka kwa gamba lake. Imemwingia macho, imemwingia kifua." Akampa dawa ya matone ya macho na kumwambia amwogeshe kwa maji ya vuguvugu. "Lakini mimi sijui kobe analala wapi, sitakudanganya. Nani alikuwa anamchunga?"

"Mke wangu."

"Basi muulize mke wako."

Maluki akatembea kurudi nyumbani na kiondo begani. Alipita mashamba ya kahawa yaliyokatwa ploti, akapita kanisa la mabati, akapita lango lake mwenyewe bila kujua, ikabidi arudi. Alikuwa anafikiria siku zile zote za bado, bado. Mkono ulikuwa unapiga kiti kwa sababu gani, kama si hii? Alikuwa anaambiwa. Aliambiwa kila asubuhi kwa neno pekee lililokuwapo, naye akaleta uji.

Alifika, akaweka kiondo chini, akavuta kigoda, akakaa mbele ya Kanini, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Mama Wavinya. Ni vumbi? Ulikuwa unasema nitoe vumbi?"

Kanini alifumba macho. Mkono wa kushoto ukatua juu ya goti na kutulia. Haukupiga chochote.

Siku hiyo walifanya kitu ambacho hawakuwa wamefanya maisha yao yote: Maluki aliuliza na kusubiri jibu. Alimwaga vumbi lote kwenye shimo la taka. Kisha akaanza kuleta vitu, kimoja kimoja, akiviweka mapajani mwa mke wake kama muuzaji anayemwonyesha mteja vitambaa. Alileta magazeti ya zamani. Kanini aliyasukuma yakaanguka. Maluki akaelewa mwenyewe alipoyaona sakafuni, yanateleza, miguu ya kobe haiwezi kushika. Alileta kokoto za mjengo kutoka kwa Ajwang. Kanini akachukua moja kwa vidole, akaipeleka mdomoni, akamtazama.

"Karani atazila?"

Mkono ukatulia.

Akaleta konzi ya udongo mweusi wa ploti. Kanini aliuminya, ukakaa umeshikana kama donge la ugali, akaufuta kwenye gauni kwa hasira. Akaleta nyasi kavu. Hapo Kanini alizishika muda mrefu. Alizisugua, akazinusa, akatoa jani moja lenye ukungu mweusi na kulitupa. Zilizobaki alizikumbatia. Lakini alipoulizwa kama ni hizo tu, akaanza tena: "Bado. Bado," akinyoosha kidole kuelekea barabarani, mbali, nje ya lango.

"Huko wapi? Kwa Wavinya?"

Akapiga kiti.

"Kanisani? Yatta?"

Akapiga kiti. Kidole kiliendelea kunyooka. Maluki alikifuata kwa macho hadi kilipoelekea, upande wa moshi wa viwanda vya Thika.

"Makongeni," alisema.

Kanini alishusha pumzi.

Alimwomba mke wa Ajwang akae naye, akaenda. Katika ile nyumba yao sasa walikaa wasichana wawili, mtu na dada yake, wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika matunda. Mmoja alikuwa ametoka zamu ya usiku na alifungua mlango akiwa amejifunga leso, macho mekundu.

"Nilikuwa nakaa hapa," Maluki alisema. "Kuna vitu nilisahau. Chini ya sinki."

"Chini ya sinki? Kuna takataka tu, mzee. Tulikuwa tutoe."

"Naomba nizione kabla hamjatoa."

Msichana akampisha. Maluki akapiga magoti uani, halafu akaona haitoshi, akalala kifudifudi kwenye simiti, na suruali yake safi, na kuwasha tochi ya simu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuangalia pale.

Palikuwa chumba. Kanini alikuwa amejenga chumba. Nyuma kabisa kulikuwa na chungu kikubwa kilichovunjika upande mmoja, kimelazwa chini, ule uvungu wake mdogo wa kumtosha kobe mmoja aingie, ageuke, na mgongo uguse juu. Chini kulikuwa na udongo mwekundu uliochanganywa na mchanga, wa kina cha mkono, umelegea, umechimbika mahali ambapo Karani alikuwa akijifukia. Juu yake nyasi kavu na majani ya mparachichi. Upande wa mbele kulikuwa na matofali mawili ya kuzuia maji ya sinki yasiingie. Na kwenye mlango wenyewe, lililoning'inizwa kwa mawe mawili kama pazia la kukinga baridi, lilikuwa koti la kijivu.

Maluki alilivuta polepole. Lilikuwa koti lake la kazi. Lilikuwa limempotea miaka mingi nyuma, akamlaumu Kanini wiki nzima kwamba amelitoa kwa watu, akanuna, akanunua jingine. Kanini alikuwa amelikata mikono na kulikunja pindo kwa uzi, vizuri kabisa. Pengine alimwambia siku moja wakati wa chakula: nimelichukua, lilikuwa limechakaa, nimempa Karani. Pengine naye Maluki alitikisa kichwa.

Alikaa chini pale uani, mgongo kwenye sinki. Yule msichana alisimama mlangoni akimtazama.

"Mzee, uko sawa?"

"Niko sawa. Una gunia?"

Alipewa mawili. Akazoa udongo wote na mchanga wake. Chungu alikifunga kwa koti. Kondakta wa gari aligombana naye juu ya mizigo, akaikumbatia tu.

Ajwang alipomwona akishuka na magunia, akaacha kazi yake. "Mzee, umetoka kuchimba dhahabu?"

"Nataka kumjengea kobe. Lakini hapa maji yanasimama."

"Basi tumwinue," Ajwang alisema. Akaleta mabaki ya mawe, wakapanga msingi ubavuni mwa nyumba, upande unaopata jua la asubuhi, juu ya ule udongo mweusi. Juu ya mawe kokoto, juu ya kokoto gunia, ndipo udongo mwekundu na mchanga. Wakaezeka kipande cha bati kilichoinama ili mvua imwagike nyuma. Kanini alitolewa nje, kiti chake kikawekwa karibu. Chungu kilipolazwa vibaya alipiga kiti, wakakigeuza. Kilipolazwa tena vibaya alipiga, wakakigeuza tena. Ajwang alisema hajawahi kufanyia kazi msimamizi mkali namna hiyo, hata kwa Wachina wa barabara. Mdomo wa Kanini ukavutika upande mzima, na Maluki akatambua kwamba anacheka.

Karani alipowekwa mlangoni alisimama kitambo, macho yake yakiwa nusu yamefumbika. Akalisukuma koti kwa kichwa, akaingia. Wakasikia akichimba.

Majuma yaliyofuata ndiyo yaliyokuwa mazuri, kama kuna yaliyokuwa mazuri mwaka huo. Jicho moja la Karani lilifunguka. La pili lilibaki na utando, na pumzi yake ilikwaruza asubuhi za ukungu. Maluki alimweka Kanini juani na kumwuliza vitu. Alimwuliza juu ya chumvi ya mboga, juu ya mashuka, juu ya watu waliokufa na wapi walizikwa. Aliuliza karibu na uso wake, akatazama mkono. Maswali yaliyomrudia zaidi hayakuwa ya kujibiwa kwa mkono, na hayo hakuyauliza.

Julai ilipoingia, jua likapotea. Murera ilikaa chini ya wingu la kijivu mchana kutwa, baridi ile isiyo na upepo inayoingia kwenye mifupa na kukaa. Kanini alianza kukataa chakula. Siku moja akiwa barazani, Maluki akimfunga shuka miguuni, aliona mkono wa kushoto, ule mzima, ukiteleza kutoka kwenye goti na kuning'inia. Aliurudisha. Ukateleza tena.

Gari la kubebea mawe, aliloliazima Ajwang kazini kwake, ndilo lililowapeleka hospitali. Kanini hakutoka huko.

Walimzika Yatta, ambako kina Maluki nao walikuwa na shamba, kwenye udongo mwekundu. Wauza chai wenzake walikuja kutoka Thika, na wafanyakazi wengi wa kiwanda ambao Maluki hakuwajua, na kila mmoja alikuwa na kitu alichoambiwa na Kanini siku fulani. Walikuja kumweleza kimoja kimoja karibu na kaburi. Alisogeza sikio lake, akawasikiliza wote, mpaka wa mwisho, ingawa Wavinya alikuja kumvuta mkono mara nyingi akale.

Aliporudi Murera alikuta mke wa Ajwang amemlisha Karani majani ya sukuma wiki, amefunga ua, amefagia. Nyumba ilikuwa safi kuliko alivyoiacha, na hakupenda kuiona hivyo.

Wavinya alikuja Jumapili na mpango wake. Nyumba yake Kimbo ilikuwa ghorofa ya tatu, lakini kulikuwa na chumba.

"Baba, huwezi kukaa hapa peke yako. Ukianguka nani atajua?"

"Ajwang yuko."

"Ajwang ana kazi yake." Akatazama ubavuni mwa nyumba. "Ni kwa sababu ya kobe?"

"Si kobe."

"Kwa sababu wale watu niliongea nao. Walisema wanaweza kuja hata kesho. Wana uwanja, wana daktari."

"Nimekusikia, Wavinya. Si kobe." Aligeuka, akautazama ua. "Mama yako alipanga hii ploti. Hakukaa. Wacha mimi nikae."

Wavinya akaingia ndani akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Maluki aliona mabega yake kupitia mlango, akajua analia, naye hakujua kwenda kumshika. Jioni alimsindikiza hadi barabarani. Wavinya alipoingia garini alisema, "Nitapiga simu kila siku. Ushike." Maluki akaahidi kushika.

Agosti haikuwa bora. Mvua nyepesi za baridi zilinyesha usiku, zile zisizolia kwenye bati, na asubuhi kila kitu kilikuwa kimelowa bila mtu kusikia. Karani alikaa ndani siku nzima. Maluki alijifunza kuingiza mkono chini ya koti na kupapasa: udongo ukiwa umeshikana, anautoa na kuukausha jikoni juu ya bati, nyasi zikiwa na joto la uvundo, anazitupa. Chakula chake mwenyewe alikipika mara moja kwa siku, na wakati mwingine alisahau kama amekula au alifikiri tu juu ya kula.

Asubuhi moja alitoka na panga na gunia. Ukungu ulikuwa mzito, hata ploti ya pili haikuonekana. Alimkuta Ajwang langoni, koti limefungwa hadi kidevuni, anaelekea kazini.

"Mzee Maluki, unaenda wapi na hii baridi?"

"Kutafuta nyasi."

"Kwani zile za juzi?"

"Zimelowa."

Ajwang aliangalia juu, akaangalia barabara. "Leo hutapata kavu popote."

"Kule kwa kahawa, chini ya miti, huwa zinabaki kidogo."

"Basi ngoja twende wote mpaka hapo njia panda."

Wakatembea. Ajwang alizungumza juu ya mjengo wake wa Juja na tajiri anayechelewesha saruji, na Maluki, akiwa upande wa kulia, akahamia upande wa kushoto ili sikio lake la kulia, lenye nafuu, limwelekee. Kwenye njia panda waliagana. Maluki akavuka mtaro na kuingia kwenye kahawa, akiinama chini ya kila mti kupapasa kwa mkono.